Kidonge kimoja kila siku: hesabu ya dawa ya moyo

Kijana, huenda nyumbani kwenu yupo bibi au mjomba anayemeza dijoksini. Dawa hii huusaidia moyo uliochoka kusukuma damu. Ila ina ukali wake: kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana sana. Sasa daktari anajuaje dawa itafika kiasi gani kabla hata hajapima damu? Anapiga hesabu. Hebu tuipige pamoja.

PIPA LENYE TUNDU

Chukulia mwili ni pipa lenye tundu chini. Kila asubuhi kidonge kinaongeza sehemu 100 za dawa. Figo zikiwa nzima, kufikia kesho yake karibu theluthi ya dawa yote iliyomo imeshatoka, nyingi kwa mkojo.

Siku ya 1: 100.
Siku ya 2: zimebaki 67, ongeza 100 = 167.
Siku ya 3: zimebaki 111, ongeza 100 = 211.
Siku ya 7: karibu 282.

Mwisho wake ni 300. Kwa nini? Theluthi ya 300 ni 100, basi inayoingia ni sawa na inayotoka. Ndiyo maana dawa huchukua kama wiki moja kutulia mwilini.

FIGO ZIKICHOKA

Dk. Roger Jelliffe wa Los Angeles, Marekani, aliiandika hesabu ya namna hii miaka ya 1960. Kwa hesabu yake, figo zikiacha kazi kabisa, kwa siku hutoka sehemu 14 tu katika kila 100. Pipa litatulia kwenye 714 hivi! Kidonge ni kilekile, lakini sasa kinaweza kuwa sumu.

Hata hivyo, hesabu ni makisio. Damu nayo hupimwa, angalau saa 6 baada ya kumeza. Ukipima mapema, dawa haijasambaa vizuri na kipimo kitakudanganya.

WEWE UFANYE NINI?

• Bibi akisahau kidonge, usimpe viwili kwa mpigo. Muulize mhudumu wa afya.
• Akitapika, akikosa hamu ya kula, akiona vitu vya manjano, au moyo ukipiga polepole au ovyo ovyo, mpeleke hospitali upesi. Beba na dawa zake zote.
• Dawa yake asigawiwe mtu mwingine.

JIPIME

Mgonjwa mwingine hutoa robo ya dawa kila siku. Pipa lake litatulia kwenye sehemu ngapi? (Jibu: 400.)