Tunza Ngozi Uliyozaliwa Nayo



Katika wodi yetu tulimwuguza mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto alikuwa mzima, lakini nyuzi zilipotolewa kidonda kikaachia. Tulikisafisha na kukifunga kila siku kwa majuma mengi. Nilipomwuliza faraghani, alieleza kwamba kwa miaka minne alikuwa akijipaka mkorogo aliopimiwa sokoni. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. "Sista, nilitaka tu kupendeza," akasema.

Kutaka kupendeza si kosa. Mwezi huu tujifunze namna ya kuitunza ngozi kila siku, kwa vitu vilivyomo nyumbani na bila kuiharibu.

Kazi ya ngozi

Ngozi ni ukuta wa mwili. Huzuia vijidudu visiingie na maji yasipotee, na kwa njia ya jasho hupoza mwili. Weusi wake una kazi pia: rangi iitwayo melanini hupunguza madhara ya jua kali. Anayeiondoa rangi hiyo anajivua ngao.

Utaratibu wa kila siku

1. Oga kwa maji safi, ya baridi au ya vuguvugu. Maji ya moto sana huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Tumia sabuni laini ya kuogea, hasa kwapani, kwenye mapaja na miguuni. Sabuni ya unga ni ya nguo; mwilini hukausha na kuwasha. Dodoki ni zuri ukisugua polepole. Kila mtu awe na lake, nalo lianikwe juani likauke.

2. Jikaushe kwa kugusagusa kwa taulo, bila kusugua. Kausha vizuri katikati ya vidole vya miguu na chini ya matiti, maana fangasi hupenda unyevu.

3. Paka mafuta mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu kidogo. Hili wengi hatulijui. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, bali huyafungia yaliyopo yasipotee. Mafuta ya nazi, ya alizeti au mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Yawe masafi, si yale yaliyokwisha kukaangia. Mwenye chunusi apake kidogo sana usoni, kwa sababu mafuta mazito huziba vitundu vya ngozi.

4. Jikinge na jua, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kofia pana, khanga au mwavuli husaidia. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji zaidi: nguo za mikono mirefu, krimu ya kukinga jua na kuchunguzwa ngozi kliniki mara kwa mara, kwani saratani ya ngozi huwapata mapema.

Si kila cha asili ni salama

Limau ni tunda, lakini ukijipaka maji yake kisha ukatembea juani, ngozi huungua, hutoka malengelenge na kubaki na mabaka. Dawa ya meno juu ya chunusi huiunguza ngozi. Ukitaka kujaribu mafuta mapya, paka kidogo ndani ya mkono na usubiri siku mbili.

Mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Ule utando mweupe aliozaliwa nao si uchafu, ni kinga yake. Usiusugue.

Mkorogo

Mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha huwa na vitu vitatu vya kuogopwa. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto tumboni na kwa maziwa ya mama. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa rangi ya samawati usoni, ambao ni mgumu sana kuondoka. Steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni, ni dawa za hospitali. Zikitumiwa ovyo hukondesha ngozi, huleta michirizi na kuchelewesha vidonda kupona. Soma kopo kabla ya kununua. Kama halina maandishi, liache dukani.

Uliyekwisha kutumia, usione aibu kuja. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake, kwa kuwa ngozi huweza kuwaka na kuvimba, na mwili wenyewe huweza kudhoofika. Mganga atakuelekeza namna ya kupunguza. Na kabla ya upasuaji wowote, sema ukweli kuhusu unachojipaka.

Uende lini kituo cha afya?

Nenda ukiona doa jeupe au jekundu lisilohisi ukiligusa. Huenda ni ukoma, nao unapona kabisa. Dawa zake hutolewa bure. Nenda pia upele ukiwasha usiku na kuwashika watu kadhaa nyumbani: wote watibiwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe. Vilevile kidonda kisichopona, au alama inayokua na kubadilika rangi.

Wazazi, neno moja

Yule mama alipona, akarudi nyumbani na mwanawe. Siku ya kuondoka aliniambia kwamba tangu utotoni alizoea kusikia dada yake akisifiwa kwa weupe. Wazazi, tuangalie maneno yetu mbele ya watoto. Binti anayeambiwa nyumbani kwamba anapendeza jinsi alivyo hana haja ya kwenda kupimiwa mkorogo sokoni.

Jioni ya leo, baada ya kuoga, anzeni na hatua ya tatu. Mtaona tofauti kabla mwezi haujaisha.