SOMO LA MWEZI: KUONYESHA MIFUGO MOJA KWA MOJA KWA SIMU



Mtu wa Nairobi atakaye mbuzi wa sikukuu si lazima aende tena mpaka mnadani Kiserian au Bissil. Aweza kukaa kwake, akafungua Facebook au TikTok katika simu, akamwona mbuzi akitembea bomani Kitengela au Kajiado saa ileile, akauliza bei na kujibiwa. Wafugaji wa huko wanaouza hivyo hawangoji dalali awapangie bei. Nasi wa skimu tujifunze.

Lakini mnunuzi wa mbali hawezi kumshika mbuzi mgongo. Ana macho na masikio tu. Picha ikiwa giza na sauti ikiwa upepo mtupu, atadhani kuna jambo linafichwa, naye ataondoka. Basi kazi yetu ni kumwonyesha waziwazi kile atakachopokea. Kwa kazi hiyo simu nzuri ya kawaida yatosha.

1. Jitayarishe mapema. Tangu mwaka 2024 Facebook hutaka akaunti iwe imetimiza siku 60 na wafuasi 100 kabla ya kuruhusu maonyesho haya. TikTok hutaka mwonyeshaji awe na miaka 18 au zaidi. Kwa hiyo usingoje wiki ya sikukuu.

2. Pima mtandao. Picha safi ya kadiri yataka megabiti 3 kwa sekunde za kupeleka. Angalia: kupeleka si kupokea. Simu yaweza kukuonyesha sinema vizuri, ikashindwa kupeleka picha yako. Pima mahali utakaposimama, saa ileile utakayoonyesha. Sasa tupige hesabu. Nusu saa ni sekunde 1,800. Zidisha kwa 3, upate megabiti 5,400. Gawanya kwa 8, upate megabaiti 675. Basi gigabaiti 1 yatosha kwa nusu saa, na akiba hubaki.

3. Mwanga. Jua liwe nyuma ya simu, limwangaze mnyama. Likiwa nyuma ya mnyama, ataonekana kama kivuli. Jua la saa sita hutia vivuli vikali; saa kumi na moja jioni ni njema zaidi, na watu wa mjini wengi wameanza kutoka kazini.

4. Simu isitikisike. Iweke juu ya kistandi cha miguu mitatu, au uifunge imara kwenye kigingi cha ua. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Jaza betri. Zuia simu zinazoingia, maana mtu akipiga katikati, maonyesho yaweza kukatika. Simu ya pili ashike mwenzako, akusomee maswali ya wanunuzi.

5. Sauti. Uwanda wa Kitengela una upepo, na upepo humeza maneno. Tumia visikilizi vya waya vyenye kipaza sauti kidogo. Kifunge kipaza sauti karibu na kola ya shati, ukifunike kwa kipande cha sponji. Simama mahali penye kinga ya upepo. Jaribu dakika mbili kwanza, ujisikilize.

6. Mwonyeshe mnyama mzima. Mpe kila mnyama namba. Mpitishe huku na huku ili miguu yake ionekane. Fungua kinywa: mbuzi mwenye meno mawili makubwa ya mbele amepita mwaka mmoja. Mpime kwa mizani mbele ya kamera, usome kilo kwa sauti, kisha utaje bei. Akiwa na kovu au jicho bovu, lionyeshe wewe mwenyewe. Aliyeona kovu kwenye simu hatagombana nawe mnyama akifika. Aliyefichwa atawaambia wengine, tena hadharani, mbele ya wafuasi wako wote.

7. Fedha na safari. Andika namba yako ya malipo ya M-Pesa kwenye ubao, kwa herufi kubwa. Usimtoe mnyama kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mtu mwingine. Tazama salio lako mwenyewe. Kisha pata kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa Bwana Mifugo. Palipo na karantini, usiuze kwa kupeleka nje, hata kama wanunuzi ni wengi.

Mwenye vitunguu, kuku au maziwa aweza kufuata njia hiyohiyo: mwanga, sauti, mizani na ukweli.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini tunapima kasi ya kupeleka, si ya kupokea?
2. Dakika 20 kwa megabiti 3 kila sekunde zitatumia megabaiti ngapi?
3. Ukiwa na mbuzi mwenye kovu, utafanya nini, na kwa sababu gani?

Jibu la swali la pili ni 450.