Mafunzo Niliyopata Nikisoma Kipolandi Chuoni

Nilisoma Kipolandi Kraków, na ngazi ya B2 ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Bidii unayo tayari, ndugu yangu. Ninakuonyesha tu nilipopotea.

1. Jifunze vitenzi viwiliviwili

Mhadhiri aliniuliza kama nimemaliza insha. Nikajibu, "Pisałem." Insha ilikuwa mkobani, kurasa zote sita. Akaniangalia kwa huruma, akauliza nitamaliza lini.

Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba nilikuwa nikiandika. Neno la kazi iliyokamilika ni napisałem. Karibu kila kitenzi cha Kipolandi kina mwenzake: czytać na przeczytać, brać na wziąć, mówić na powiedzieć. Kimoja hutazama kazi ikiwa njiani, kingine huitazama ikiwa imefika. Mimi mwaka mzima nilikariri kile cha kwanza tu, nikiamini mwenzake atakuja polepole. Hakuja. Nililipia uvivu huo kwenye kila mtihani wa kuandika.

Kilichonisaidia ni Kiswahili. Kabla ya kufungua mdomo nilijiuliza: hapa ningesema "nilikuwa nikiandika" au "nimeshaandika"? Kipimo hiki hakitoshi kila mahali, lakini kinakuzoeza kuitazama kazi yenyewe. Hata kwa kesho tofauti ipo: będę pisał ni kwamba utakuwa ukiandika, ukisema napiszę, umeahidi kumaliza.

2. Jua kumwita mtu

Nimelelewa kwa shikamoo, nikadhani heshima haitanishinda. Siku moja darasani nikamwita mwalimu Panie, nikaongeza jina lake la ukoo. Chumba kikanyamaza. Baadaye, tukiwa peke yetu, alinieleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo anavyoitwa mtu anayekaripiwa. Chuoni huitwa cheo: panie doktorze, pani profesor.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mkubwa huulizwa kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine: Czy pani chce herbaty? Yaani, je, bibi anataka chai? Ninaamini hili linapaswa kuja kabla ya msamiati mgumu. Mwisho wa neno ukikosea, watu husamehe. Ukikosea kumwita mtu, umemgusa yeye.

3. Ngeli ni mtaji

Wanaume wawili ni dwaj, wanawake dwie, watoto dwoje, meza dwa. Nilinung'unika wiki nzima, mpaka nilipojisikia nikisema watu wawili, miti miwili, viti viwili. Sikio la upatanisho unalo tangu utotoni.

4. Usingoje kuwa tayari

Nilisoma matini zilizorahisishwa kwa muda mrefu mno, nikiogopa vitabu vya kweli. Kisha nikaazima Heban, kitabu cha Ryszard Kapuściński cha 1998, kinachoeleza safari zake Afrika. Mara ya kwanza nilitafuta kila neno kwenye kamusi; kwenye ukurasa wa pili nikakiacha. Mara ya pili niliruka moja kwa moja hadi Dar es Salaam, kisha Zanzibar ya 1964. Joto lile, bahari ile, mapinduzi niliyosimuliwa na wazee nyumbani: nilijua kinachozungumzwa, na maneno mageni yakaanza kujieleza yenyewe. Mahali pengine nilibishana na Kapuściński, pembezoni, kwa penseli na kwa Kipolandi.

Usiku ule wa mara ya pili nilisoma kurasa kumi na moja, kamusi ikiwa imefungwa.