Macho ya kapita si mizani



Hapa Nyakabiga mtu akirudi kutoka safarini amenenepa, majirani humpongeza: "Maisha yamekukubali!" Akirudi amekonda, wananong'ona. Wazee wanakumbuka miaka ya 1980 na 1990, dawa za ukimwi zilipokuwa hazijawafikia wengi: mwembamba alihukumiwa barabarani kabla ya kupimwa damu.

Mimi mwenyewe, nikiwa kijana natafuta kibarua, kapita mmoja alinirudisha kutoka mlangoni. "Huyu upepo utamchukua," alisema. Hakuuliza kama naumwa. Akamchukua mwenzangu mwenye kitambi, na wiki haikuisha yule ndugu alikuwa anahema kwa gunia moja tu.

Basi tujifunze hesabu yenyewe. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu ule ule. Mtu wa kilo 54 mwenye mita 1.70 anapata 18.7. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiwa kati ya 18.5 na 25 uzito wake unafaa. Kumbe yule "wa upepo" yuko sawa! Mwenye kilo 80 na mita 1.60 anapata 31, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupita kiasi, unaokaribisha presha na kisukari, hata kama mtaani anaitwa bosi.

Hesabu hii ilitoka kwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mwaka 1832. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, akitafuta mtu wa wastani yukoje. Baadaye huko Marekani kampuni za bima ya maisha zilitengeneza majedwali ya kilo, ili zijue nani atakufa mapema azitie hasara. Angalieni wenyewe: walikuwa wanalinda fedha zao. Mwaka 1972 ndipo mtaalamu Ancel Keys na wenzake walipoirudisha hesabu ya Quetelet, na leo zahanati nyingi zinaitumia.

Lakini hesabu nayo haioni yote. Mpakizi wa magunia mwenye kilo 70 na mita 1.65 anapata karibu 26, naye ni misuli mitupu. Kwa hiyo pima na kiuno pia: mwanamume akifika sentimita 94, mwanamke 80, hatari imeanza. Mama mjamzito hahesabiwi hivyo, na watoto wana vipimo vyao. Tena kwa mtoto macho hudanganya vibaya sana: mwenye kwashakoo huvimba miguu na mashavu, jirani akasema amenona, kumbe anakosa maharage na ndagala.

Kwa mchuma chai, ambaye majani yake hupimwa kila siku mpaka gramu ya mwisho, ni ajabu kwamba mwili wake haupimwi hata mara moja kwa mwaka. Hilo tulidai. Kilo ziandikwe kwenye karatasi ya mfanyakazi, maana jambo kubwa ni mabadiliko: anayepungua bila kupenda, hasa akikohoa wiki mbili, aende kupimwa kifua kikuu, kisukari na damu. Na asifukuzwe mtu kwa sababu ya umbo lake kabla muganga hajamwona.

Kwenye kikao kijacho tutaleta mizani na utepe wa fundi cherehani. Makapita nao wanakaribishwa kupimwa.