Siri ya mpiga gitaa

Swali: Mume wangu anapiga gitaa hapa Kindu. Nimegundua ana mtoto aliyemzaa kabla hatujaoana. Mama mkwe alijua siku zote. Nimwache?

Jibu: Mama, usiamue bado. Muziki, unaosingiziwa kila kitu, hauna hatia: siri hii ilitunzwa nyumbani. Kosa si mtoto, ni kukunyima nafasi ya kuamua. Utaambiwa ukimya ulilinda ndoa. Ulilinda nini, ikiwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inampa mtoto aliyetambuliwa na baba urithi sawa na wanao, na siri ingefumuka matangani mkigombania kiwanja? Muulize kama amemwandikisha mtoto komini, na pesa ya shule inalipwa na nani. Akijibu mwenyewe, bila kumtanguliza mama yake, kuna ndoa ya kuokoa.