SOMO LA UFUNDI: DISIKI MPYA NDANI YA ORDINATERE YA ZAMANI



Wengi walituuliza sababu gani gazeti halikutoka muhula uliopita. Jibu ni fupi: mashini ililala. Ile ordinatere moja ya sekretariati, ambamo tunaandika gazeti, ambamo prefe anaweka pointi za madarasa yote, na ambamo majina ya wafinalisti yalikuwa tayari kwa ajili ya Mtihani wa Serikali, ilianza kulia tak, tak, tak. Ilikuwa inachukua dakika kumi na moja mpaka kufunguka. Siku nyingine ilikataa kabisa. Wengine wakasema inunuliwe mpya. Na pesa iko wapi? Basi sisi wa klubu ya sayansi, pamoja na profesa wetu wa fizikia, tuliomba ruhusa ya kuifungua. Somo hili linaeleza tuliyofanya, pamoja na kosa letu, ili yule atakayefanya kazi hii kesho asilirudie.

Kwanza tujue ni nini kilichokuwa kinalia. Ndani ya ordinatere nyingi za zamani mna disiki yenye sahani ya kuzunguka. Juu ya sahani kuna mkono mdogo unaosoma, karibu sana na sahani lakini bila kuigusa. Disiki yetu ilikuwa ya mizunguko 5400 kwa dakika. Wa sita wa hesabu na fizikia, chukueni kalamu: sekunde 60 tukizigawa kwa 5400, mzunguko mmoja unachukua sekunde 0,011. Kwa wastani mkono unangoja nusu ya mzunguko, na kabla ya hapo inafaa uhame mpaka kwenye mstari wake. Mnaweza kusema, hiyo ni kidogo sana. Ndiyo, lakini mashini ikiwaka inaomba vitu maelfu na maelfu vilivyotawanyika huku na huku, na kila kimoja kinangojewa. Njo maana ya zile dakika kumi na moja, na disiki inayougua inarudia kusoma mahali pamoja mara nyingi, basi inakuwa mbaya zaidi.

Sasa fikirieni ile sahani juu ya pikipiki kutoka Sake kupanda Masisi. Tena mwanzo wa mwaka 2025, vita viliposogea kutoka Masisi kuelekea Walikale, mashini hii ilibebwa mgongoni ndani ya mfuko wa unga, siku mbili, pamoja na daftari za pointi. Hakuna aliyeifunga kwa nguo. Ikiwa imezimwa, mkono ule unapumzika pembeni na disiki inavumilia mengi. Lakini mara nyingi watu wanaifunika tu kifuniko, wanadhani imelala, kumbe ndani ingali inazunguka. Pigo moja wakati ule, mkono unakwaruza sahani.

Disiki ya namna mpya, inayoitwa SSD, haina sahani wala mkono. Iko na vipande vidogo vyeusi vinavyoshika umeme ndani ya vyumba vidogo sana, na vinabaki navyo hata mashini ikizimwa, sawa na flashi tunayoijua. Wazo hilo lilitoka kwa injinia wa Japani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi Toshiba miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, haiogopi mtikisiko wa barabara. Na kufikia kitu kimoja inachukua kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Hapa tuweke neno moja la kwetu. Vipande hivyo vimeshikizwa juu ya ubao wake kwa bati. Bati linatoka katika kasiterite, na wana Walikale hamna haja ya kuelezwa Bisie ni nini. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, inatoa tantali, na tantali inatumika kutengeneza vidude vidogo vya kuweka akiba ya umeme ndani ya ordinatere na simu. Hatuwezi kusema kwamba bati la disiki yetu lilitoka Bisie, madini yanachanganywa njiani. Lakini mwenzetu mmoja ambaye kaka yake anachimba aliishika ile disiki mkononi, akaipima uzito, akacheka. Gramu hamsini hazifiki.

Tuje kwenye kuchagua. Watu wengi wanaanza kwa kuuliza bei. Hapana. Anza kwa kuuliza mashini yako ina tundu gani. Sisi huku hatuko Goma, ambako mtu akikosea leo anarudisha kesho. Safari ya kurudisha inaweza kupita bei ya disiki yenyewe, na siku nyingine njia imefungwa.

Ordinatere nyingi za mkono wa pili zinazofika kwetu kutoka Ulaya, zile za miaka ya 2008 mpaka 2015 hivi, zinatumia disiki ya inchi 2,5, ya namna inayoitwa SATA. Ni kisanduku chembamba, karibu kama simu kubwa, na mwisho wake kuna meno bapa ya rangi ya dhahabu, sehemu mbili, fupi na ndefu. Zile mpya zaidi zinatumia kibao kilicho wazi, chembamba kama kipande cha chingamu, kinachoitwa M.2. Wengi wanaona namba 2280 juu yake wakadhani ni nguvu yake. Ni vipimo tu: milimita 22 upana, 80 urefu. Na hapo ndipo kuna mtego, maana vibao viwili vya M.2 vinaweza kufanana kama mapacha, kimoja kinasema lugha ya SATA, kingine lugha ya NVMe, na mashini yako pengine inasikia moja tu. Mwisho, kuna mashini ndogo za bei ya chini ambazo disiki yake imelehemiwa juu ya ubao mkubwa. Hiyo haibadilishwi, usipoteze pesa.

Njia ya kujua ni kufungua na kuangalia, au kuandika jina na namba ya mashini iliyo chini ya tumbo lake na kumpa anayesafiri. Vizuri zaidi, apige picha ya disiki ya zamani aende nayo. Yetu ilikuwa ya inchi 2,5.

Juu ya upesi, msidanganywe na namba za kwenye boksi. Disiki ya zamani inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika 550, na ile ya NVMe inapita 3000. Lakini mashini ya zamani haiwezi kunywa yote hayo. Kutoka sahani kwenda SATA ndiko kuna mabadiliko ya kushangaza. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mtu anayeandika barua na kujumlisha pointi, hataona sana. Na kama mashini iko na memwari ya gigabaiti 2 tu, SSD itaisaidia lakini haitaifanya kijana.

Juu ya ukubwa, sisi tulitosheka na gigabaiti 240. Tulipoiweka, mashini ikasema 223, na mmoja wetu akapiga kelele kwamba tumeibiwa tena. Hatukuibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu giga kuwa baiti 1 000 000 000. Mashini inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024, yaani 1 073 741 824. Gawanyeni wenyewe mtaona.

Tumesema "tena". Ndiyo, inafaa tuungame. Disiki ya kwanza haikuwa hii. Mzazi mmoja alikuwa anashuka Goma, tukampa dola 20 zilizochangwa na komite ya wazazi, bila kumpa maelezo. Akarudi na furaha: kwa dola zile zile amepata disiki ya terabaiti 1! Boksi lilikuwa zuri, maandishi ya kung'aa. Tuliiunganisha, mashini ikakubali kwamba ni terabaiti 1. Tukaweka picha na faili, zikaingia. Siku ya tatu tukafungua zile za kwanza: hazisomeki.

Profesa alituletea programu inayoitwa F3, ambayo ni ya bure. Kazi yake ni kuijaza disiki mpaka mwisho, kisha kusoma yote tena ili kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yanayotoka. Kwa Windows iko nyingine, H2testw, yenye kazi ile ile. Matokeo: ndani ya terabaiti 1 mlikuwa na gigabaiti 32 tu. Wadanganyifu wanachukua memwari ndogo na kuifundisha kusema uongo juu ya ukubwa wake. Ikijaa, inaandika mapya juu ya ya zamani, au inayatupa, nayo inaendelea kujibu "ndiyo, nimeyaweka". Yule mzazi alihuzunika kuliko sisi. Hatumlaumu, maana hata muuzaji labda naye aliuziwa hivyo. Kosa ni letu: tulimtuma mtu bila kumwambia aipimie pale pale, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa yote. Kuijaza disiki nzima inachukua saa nyingi, lakini kuchelewa gari ni afadhali.

Mara ya pili alikwenda profesa mwenyewe, na mashini mkononi. Alichagua jina linalojulikana, si kubwa sana, akaipima.

Tazameni vilevile herufi TBW kwenye karatasi ya disiki. Kila chumba cha SSD kinachakaa kikiandikwa mara nyingi, na TBW ni terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali ziandikwe. Ikisema 80, nawe unaandika gigabaiti 10 kila siku, hizo ni siku 8000, karibu miaka 22. Shule yetu haiandiki hata giga moja kwa siku.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kushika turnevisi, tuliokoa faili. Disiki inayolia tak tak usiilazimishe kunakili kila kitu chake, inaweza kufa katikati ya safari. Tulianza na pointi na majina ya wafinalisti, halafu barua, halafu gazeti, mwisho nyimbo za kwaya. Ilichukua usiku mbili, tukiizima ipumzike. Katika faili za wafinalisti moja tu ilikataa, ya darasa moja, na majina yale tuliyaandika upya kutoka daftari la mkono. Ndiyo sababu daftari halitupwi.

Tulifanya kazi saa nne asubuhi, jua likiwa kali na betri za panneau zimejaa, maana umeme ukikatika wakati wa kuweka programu unaanza upya. Tulizima mashini kabisa, tukatoa betri, tukabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Tukagusa chuma cha dirisha, kwa sababu mwili wa mtu, hasa wakati wa vumbi na ukavu, unaweza kutoa cheche ndogo ya kuua ubao. Visi tulizipanga juu ya karatasi tuliyochora umbo la tumbo la mashini, kila visi mahali pake, kwa kuwa hazilingani urefu na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa.

Disiki ya zamani haivutwi juu. Inasukumwa kwa upande, itoke kwenye meno yake. Imefungwa ndani ya kiunzi cha bati chenye visi nne, ambacho tulikihamishia kwenye ile mpya. Mpya ilikuwa nyembamba, milimita 7, ya zamani ilikuwa 9,5. Ikacheza kidogo mpaka kiunzi kilipokazwa. Kama ni kibao cha M.2, kinaingizwa kimeinama, kisha kinalazwa na kufungwa kwa visi moja. Kikikataa usikisukume kwa nguvu, kigeuze uangalie pengo lake.

Hatukunakili mfumo wa zamani, kwanza kwa sababu disiki ile ilikuwa mgonjwa, pili kwa sababu Windows 10 iliyokuwamo iliacha kupata marekebisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini yetu haina nguvu za kubeba 11. Tuliweka Linux Mint kutoka flashi. Prefe alinung'unika siku mbili juu ya kutafuta vitufe, sasa amenyamaza.

Mashini inafunguka kwa sekunde 24. Tulipima mara tatu. Betri imeongeza muda kidogo tu, msitegemee mengi hapo.

Neno moja bado. Disiki ya sahani inalia kabla ya kufa, na sisi tuliisikia. SSD haina sauti: leo inafanya kazi, kesho kimya. Tena ukifuta faili kwa makosa, mara nyingi SSD inasafisha vyumba vile yenyewe, na fundi hataweza kuirudisha. Wala usiiweke kabatini miaka bila umeme ukidhani ni sanduku la chuma, maana umeme uliomo unavuja pole pole. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya saa ya sita, wawili wa klubu wananakili pointi katika flashi mbili. Moja inabaki kwa prefe, nyingine inalala nyumba tofauti, kwa mtu ambaye hatutaji hapa. Zamu ya wiki hii ni ya wa tano.