Nyumba ikigeuka ofisi, nafsi ipumzike wapi?

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, tumezoea kumuona anayefanyia kazi nyumbani kuwa amepata raha. Hagombanii daladala alfajiri wala hasimamiwi na bosi. Dada anayeshona nguo sebuleni, mama anayekaanga sambusa za kuuza, kijana anayeandika mahesabu ya watu kwenye kompyuta chumbani, wote tunawaambia: “Nyinyi mmestarehe.” Ukweli ni kwamba kazi hiyo ina mtihani wake, na mtihani huo uko kwenye nafsi.

Watu hawa si wachache. Kwa hesabu za Shirika la Kazi Duniani (ILO), mwaka 2019 watu wapatao milioni 260 duniani walikuwa wakifanyia kazi majumbani, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake. Mwaka 2020 ulipoenea ugonjwa wa Korona, ofisi nyingi duniani ziliwarudisha wafanyakazi nyumbani. Machi 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo hofu, misiba na ukata, lakini shirika hilo lilitaja pia watu kutengana na wenzao.

Hebu tujiulize, mtihani wenyewe uko wapi? Mwenye duka Kariakoo jioni hufunga mlango akaondoka. Anayefanyia kazi nyumbani hana mlango wa kufunga. Cherehani iko pale pale, simu ya mteja inaita saa nne usiku. Akipumzika anajiona mvivu, akifanya kazi watoto wanamlilia. Na kwa kuwa yupo, kila mgeni na kila shughuli ya nyumba inamuangukia yeye. Siku zinapita hajakaa na mtu wa kuzungumza naye. Mwisho usingizi unapotea, hasira zinakuwa karibu, na hata swala inaswaliwa ili mradi imeswaliwa.

Kwa Muislamu, mipaka ya kazi na mapumziko imeshawekwa. Katika Surat An-Nabaa (78:9-11), Allah (SW) ametaja usingizi kuwa ni mapumziko, usiku kuwa ni vazi, na mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Salman (RA) alimkuta Abu Dardaa (RA) akifunga mchana na kusimama usiku bila kupumzika, akamkumbusha kuwa Mola wake, nafsi yake na ahli zake wote wana haki juu yake. Mtume (SAW) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuinyima nafsi haki yake, seuze cherehani na kompyuta?

Basi tufanye nini? Kwanza, adhana iwe ndiyo kengele ya kazi. Ikiadhiniwa Adhuhuri, kazi isimame, na mwanamume aende msikitini. Hatua zile chache zinampatia jua, hewa na salamu za watu. Dada naye awe na darsa ya wiki, au jirani wa kumtembelea.

Pili, baada ya Isha kazi ifungwe. Mtume (SAW) alichukia mazungumzo yasiyo ya lazima baada ya Isha. Cherehani ifunikwe, na wateja waambiwe mapema saa za kupiga simu.

Tatu, wenye nyumba waiheshimu kazi hiyo. Mume asimuone mkewe aliye kwenye cherehani kuwa hana kazi. Bibi Aisha (RA) ameeleza kuwa Mtume (SAW) alikuwa akiwahudumia ahli zake nyumbani, na ukiingia wakati wa swala akitoka kwenda kuswali.

Nne, huzuni ikidumu wiki mbili na zaidi, mtu akapoteza hamu ya kula, ya kazi na ya watu, aende hospitali. Akianza kutamani kufa, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Wengi wetu hukimbilia kusema ana jini au imani yake ni haba, na tukisikia Mirembe tunaona aibu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibika. Kisomo kisomwe, na daktari aonwe.

La mwisho ni kwetu sote. Mfanyakazi wa ofisini asipofika siku mbili, wenzake humuulizia. Anayefanyia kazi nyumbani akiugua, hakuna ofisi itakayouliza kwa nini hakuja. Safu ya msikitini ndiyo iulize. Maimamu na maamuma, tukimkosa mtu Alfajiri na Isha, tukagonge mlango wake. Dada wa darsa asiyeonekana wiki mbili, wenzake wamfuate. Huenda hodi hiyo ndiyo sauti ya kwanza anayoisikia tangu juzi.

Wabillahi tawfiq.